Pindua Ubao

Clarisse na Fidèle, wanangu wa kazi,

Kila Jumamosi asubuhi nawapigieni simu, na kila Jumamosi hampokei. Naiacha iite mpaka ikate yenyewe, nazunguka nyumba, nafagia ua ambao binti yangu ameshaufagia, narudi, napiga tena. Binti yangu ananiambia nikae kitini kama wastaafu wengine. Kiti chenyewe ndicho mlichonipa siku ya kuniaga, kizuri, cha mninga, chenye mito ya kitambaa chekundu, na nimekikalia mara moja tu, siku ile ile, kwa ajili ya picha. Mikono yangu haijaambiwa kwamba kazi imekwisha. Juzi nilijikuta nimepanga vizibo vya bia mezani safu kwa safu, vikiangalia juu, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akaniuliza kama nimeanza uganga.

Kwa hiyo naandika. Mlisema niwaachie maelezo ya kazi, na Clarisse akaongeza kwamba atawasomea wageni wa kilabu, basi mtanivumilia nikieleza hata yale mnayoyajua. Lakini nawaambieni mapema kinachonitoa kitini. Mashine mnazijua, na Clarisse ana jicho kunishinda. Kinachonisumbua ni swali moja: siku mkubwa wenu atakapokosea mbele ya macho yenu, mtamwambia, au mtamheshimu? Katika kazi yetu huwezi kufanya yote mawili, na anayelipa ni mtu mwingine kabisa, yule atakayeegemeza shavu lake kwenye bunduki.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alishuka na treni kutoka Kabalo, akapata nyumba hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, akatuzaa, akatupeleka misa kila Jumapili tukiwa tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa. Mimi nilianza maisha ya kazi katika duka la mikate mjini, nikikata na kupima madonge ya unga. Huko ndiko Papa Lambert aliponiona. Alikuwa akinunua mkate kwetu, mzee mrefu mwenye kofia ya mgodi aliyoigeuza kuwa kofia ya kila siku, na siku moja akakaa pembeni akanitazama nikikata donge na kulitupa kwenye mizani bila kuangalia mshale. Akauliza kama naogopa kelele. Nikamwambia nimekua na kaka watano. Akasema basi nije Jumatatu.

Mahali penyewe palikuwa shamba la swala, nje ya mji upande wa kwenda Kinsevere, la bwana mmoja mzaliwa wa hapa, Monsieur Aldo, Mtaliano kwa babu zake na mtu wa Lubumbashi kwa ulimi wake. Alikuwa na kiwanja cha kulenga shabaha na kilabu cha watu wenye vibali, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: bunduki za kizamani zilizotengenezwa upya. Ninyi vijana mnaziita fusil za kowboi. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma wenye kitanzi. Ukiusukuma chini na kuurudisha, ganda lililokwisha kupigwa linaruka nje na risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Sura ni ya zamani za mababu, chuma ni cha juzi. Shida ni kwamba risasi zake hazipatikani hovyo. Zikiagizwa, zinakaa mpakani Kasumbalesa nyuma ya malori mpaka maboksi yanapauka kwa jua na mwenye nazo anasahau aliagiza nini. Ndiyo maana Monsieur Aldo alitengeneza chumba, kilichokuwa zamani banda la kuku, na humo tukawa tunaokota maganda yaliyotumika, tunayasafisha, tunayanyoosha na kuyajaza upya kwa mkono, moja baada ya jingine.

Siku yangu ya kwanza sikugusa mizani. Niliokota maganda kwenye majani, nimeinama kama kuku, kuanzia asubuhi hadi jua lilipokaa utosini. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimeaga dukani kwa maneno makubwa. Nilipomuuliza Papa Lambert hili ni somo gani, nilitegemea mafumbo ya wazee. Akanijibu kwamba si somo, mgongo unamuuma.

Masomo yalikuja baadaye, na yalikuja kwa chuma na mbao zaidi kuliko kwa maneno. Alinifundisha kugonga ganda kwa ukucha na kusikiliza kama limepasuka. Alinifundisha kwamba vichwa vya risasi za bunduki hizi lazima viwe bapa, kwa sababu ndani ya bomba vinafuatana pua kwa makalio, na cha nyuma kikiwa na ncha kitagonga fataki, ile inayowasha baruti, makalioni mwa mwenzake wa mbele. Risasi yenyewe, yaani madini ya kumimina vichwa, tulikuwa tukiichimba kwenye kichuguu. Pale mwisho wa kiwanja pana kichuguu kikubwa kama kanisa dogo, ndicho kinachopokea mapigo yote, na mvua zikishakilainisha tunaingia na majembe kutoa risasi iliyopigwa, tunaiyeyusha na kuimimina upya. Mchwa hawajawahi kulalamika. Baada ya kuyeyusha tulipewa maziwa, desturi ya migodini, eti yanatoa sumu mwilini. Sijui kama maziwa yamewahi kumtoa mtu risasi, lakini nilikuwa nayapenda, na naona ninyi mmeyaacha mkachukua barakoa na sabuni. Sawa. Naweni mikono vizuri, hata kama ni kwa ajili yangu.

Sasa ubao. Ule ubao wa mninga wenye matundu, wenye msalaba uliochomwa kwa chuma cha moto ubavuni, Papa Lambert aliutengenezesha kwa seremala wa Katuba kabla sijafika. Maganda yanasimama ndani ya matundu, midomo juu, na mjazaji anapita nayo kwa safu akitia kila moja kipimo chake cha baruti. Wageni watauliza hatari iko wapi. Iko hapa: maganda haya yalibuniwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani, ambayo ilijaza ganda lote. Baruti ya siku hizi ni kidogo tu, inakaa chini kabisa kama sukari chini ya kikombe. Ukisahau ukatia mara ya pili, hakuna kinachomwagika na hakuna kinachokuonya. Ukishabana kichwa cha risasi juu yake, kosa limekwisha fichika. Atakayelijua ni yule atakayelipiga, na atalijua kwa uso wake.

Kwa hiyo sheria ya Papa Lambert ilikuwa fupi. Ukigeuza kichwa, unapindua ubao. Usiseme nakumbuka, usiseme kidole changu kilikuwa kwenye tundu. Umepiga chafya, umeitwa, nyuki ameingia: unashika ubao kwa mikono miwili, unamwaga baruti yote, unaanza tundu la kwanza. Na sheria ya pili: aliyejaza ndiye anayepiga ya kwanza. Yeye mwenyewe alipiga ishara ya msalaba kila mara, polepole, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Mara yangu ya kwanza bunduki ilinipiga bega likawa bluu, na mama yangu akataka kujua ni kijana gani amenitendea hivyo ili kaka zangu wamfuate.

Mimi na kutulia hatujawahi kuelewana. Kupindua ubao kuliniuma kama kutapishwa chakula kizuri. Na kwetu pale kulikuwa na adui ambaye nadhani mafundi wa nchi nyingine hawamjui. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi kama unavyotaka. Ukirudi, mnajua watu wa Lubumbashi wanavyofanya: kambi nzima ya wafanyakazi, na kijiji cha nyuma yake, watoto, wamama sokoni, walevi, wote wanapaza sauti pamoja, "Courant!", na hakuna shingo iliyozaliwa mji huu inayoweza kubaki imenyooka. Hugeuki kwa kutaka. Unajikuta umegeuka, mara nyingine mikono iko juu na wewe mwenyewe unapiga kelele. Papa Lambert peke yake hakugeuka, kwa sababu baruti za mgodini zilimla sikio moja na nusu ya la pili. Alikuwa anajaza huku dunia inashangilia. Sisi tulipindua.

Baada ya miaka kadhaa akaingia Gustave. Alikuwa ameoa Marie, binti wa Papa Lambert, na mzee akamwombea kazi. Wageni wa mbali wajue kidogo adabu zetu. Kwa watu wetu wa kaskazini, baba mkwe na mkwe hawali meza moja, hawataniani, hawakaripiani. Kila mmoja ni bukwe wa mwenzake, na wanaheshimiana kwa kukwepana. Katika chumba kile chembamba walikwepana kwa kunitumia mimi. Papa Lambert alikuwa akisema, nikiwa katikati yao, "Béa, mwambie bwana ule, ganda la tatu limekunjamana." Na bwana yule, aliye umbali wa mkono, anajibu, "Mama Béa, umwambie Papa nimesikia." Nilikuwa kama mtambo wa simu. Gustave alikuwa fundi mzuri, mwepesi wa mkono, mwepesi wa kucheka, na mwepesi wa kuona kwamba sheria nyingine ni za watu wazito.

Basi ikawa wiki ya mashindano. Wageni walikuwa wanatoka ng'ambo, wamekwama mpakani na bunduki zao na karatasi zao, kisha wakaachiwa wote kwa pamoja, wakaja. Monsieur Aldo alikuwa anaingia na kutoka chumbani akiuliza zimebaki ngapi, na kila akiuliza tunapoteza hesabu, basi zinabaki nyingi zaidi. Mwishoni Papa Lambert alimtoa nje kwa upole, akaenda naye kutazama kichuguu. Tukabaki mimi na Gustave, kila mmoja na meza yake. Mimi nilikuwa nabana vichwa. Yeye alikuwa katikati ya ubao.

Umeme ukarudi. Kambi ikalipuka kwa kelele. Mimi niligeuka, na nilipogeuka nilimwona Gustave amesimama, mikono juu, anapiga kelele na wenzake wa nje kama mtu aliyefunga goli. Kisha akaketi, akacheka, akachukua kijiko cha baruti, akaendelea.

Nikamwambia apindue. Akaniambia kidole chake kilikuwa pale pale. Nikamwambia kidole kilikuwa dirishani, nilikiona. Uso wake ukabadilika.

"Mama Béa," akasema, "miye hapana mutoto. Bageni beko pa mulango, na weye unataka tuanze upya?"

Akajaza mpaka mwisho, akaleta ubao kwenye mashine yake, akabana vichwa vyote bila kuniangalia, akapanga risasi kwenye boksi. Zikalala humo zote sawa, zinang'aa kama meno. Mizani isingetusaidia, maana maganda ya kuokota hayalingani uzito, na vichwa vya kumimina kwa mkono pia. Kati yao labda ilikuwamo moja yenye baruti mara mbili, labda haikuwamo. Na ningefanya nini? Kumsema mkwe wa mtu kwa baba mkwe wake, mbele ya wageni, huku Marie ana mimba kubwa na kazi hii ndiyo wanayoitegemea? Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Mwishowe nikamfuata Papa Lambert kwenye kichuguu, nikamsemea kwenye lile sikio lililobaki. Hakuniuliza swali hata moja.

Alirudi na bunduki begani. Monsieur Aldo akaja nyuma yake akifurahi, akidhani tunakwenda kupiga ya kwanza na kazi imekwisha. Gustave alinyoosha mkono kupokea bunduki, kwani ndiyo sheria. Papa Lambert hakumpa. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakupitia kwangu. Alimtazama mkwe wake machoni.

"Bukwe, uchagule moja, unipatie. Leo njo miye nitapiga."

Gustave akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sheria inasema mwenye kujaza ndiye anayepiga.

"Mwenye kujaza anaamini mukono yake," mzee akasema. "Kama unaiamini, unipatie. Na kama inapasuka, weye njo utaenda kumwambia Marie."

Akaweka kiganja wazi mbele yake. Sijasahau kiganja kile, kipana, kimepasuka kwa risasi na moto. Gustave alichukua risasi moja kutoka kwenye boksi. Alipeleka mkono nusu ya njia, na pale nusu ya njia mkono ukasimama. Nilimwona akiitazama ile risasi kama ambaye hajawahi kuona risasi. Akairudisha, akachukua nyingine. Mkono ukasimama tena pale pale. Kisha akarudisha ya pili, akashika boksi zima kwa mikono miwili.

"Papa," akasema, "tupindule."

Papa Lambert ndiye aliyezing'oa. Alichukua ile nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, akawa anagonga moja baada ya nyingine, tok, tok, tok, na kila kichwa kikitoka alimwaga baruti ya ganda kwenye karai moja, uso wake ameuelekeza dirishani. Nilinyoosha shingo. Nilitaka kuona. Gustave naye, ukutani, alitaka kuona kuliko mimi. Mzee hakutazama karai hata mara moja, na mgongo wake ulituziba. Alipomaliza akaenda kuimwaga uani kwa mstari mwembamba, akaichoma, ikapanda moshi na kuisha. Tukaanza tundu la kwanza. Wageni walingoja, wakanywa bia zote, Monsieur Aldo akatununia wiki nzima, na mashindano yakafanyika na kila mtu akarudi nyumbani na uso wake. Hilo halikutangazwa redioni.

Gustave alikaa nasi muda kidogo kisha akaenda Kasumbalesa kufanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani. Hakunichukia, au kama alinichukia alikuwa na adabu ya kunichukia mbali. Mimi ndiye niliyebaki na swali likiniwasha kama kiroboto sikioni. Ilikuwamo au haikuwamo? Nilikata madonge miaka kadhaa, najua mkono unavyojua uzito bila macho. Papa Lambert alimwaga kila ganda kwa mkono wake. Ikiwa mojawapo lilikuwa na mara mbili, mkono wake ulijua.

Nilimuuliza mara nyingi, akageuza maneno. Mara ya mwisho nilimuuliza alipokuwa mgonjwa kitandani, kwake mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, Marie akimlisha uji. Nilijisikia vibaya kumsumbua mgonjwa, na nikamsumbua.

"Béa," akasema, "ningelikuta, mungesema Gustave iko mubaya. Ningekosa, mungesema Béa iko muwongo. Nilikuwa na kazi na benyewe babili."

Nikamwambia sikumuuliza kama alituhitaji sote wawili, nimemuuliza kuhusu baruti. Akafumba macho, akamwomba Marie uji zaidi. Tulimzika mwanzoni mwa mvua. Nililia kama mtoto wake wa kuzaa, na hata pale kaburini, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nataka kujua.

Yaliyofuata mengi si ya kuandika. Nikapewa chumba niangalie, watu wakaja, watu wakaenda. Monsieur Aldo akafa, akaja mpwa wake, ndiye patron wa sasa. Umeme ukapata ndugu wengine, mashine za jua kwenye mapaa, kelele za kambini zikapungua, na badala yake zikaja simu, ambazo zinageuza kichwa cha mtu hata zikinyamaza. Ndipo nilipoweka lile sanduku la mbao nje ya mlango: simu zote humo, ya patron pia, na hakuna anayetoka kupokea mpaka ubao uishe. Fidèle alinichukia miezi yake ya kwanza kwa ajili ya sanduku lile. Na Clarisse akaja, mrefu, mwenye kipaji cha Papa Lambert usoni, mtoto yule aliyekuwa tumboni mwa Marie wiki ile ya mashindano. Sikumwonea huruma kwa ajili ya babu yake. Nadhani nilimkazia zaidi.

Sasa siku yangu ya mwisho, mliyoishuhudia, lakini hamkuiona kutoka nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nimesema nitajaza ubao mmoja wa mwisho, nipige ya kwanza, kisha tule. Nje kulikuwa na harufu ya mbuzi, vitafunwa vya chikanda vimekatwa, kinywaji cha munkoyo kimemiminwa, patron anatazama saa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa kwenye safu ya mwisho kabisa. Ukarudi, na wale wa kambini, labda kwa sababu ya sherehe, wakapiga kelele kama zamani.

Nikaendelea kujaza.

"Mama," Clarisse akasema, "muligeuza kichwa."

Nikamwambia sikugeuza. Na niliamini, naapa. Nikamwangalia Fidèle anitetee. Fidèle, wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

"Muligeuza, Mama."

"Clarisse, kazi hii nilianza weye ukiwa bado hauko hata mu tumbo."

"Njo vile, Mama," akakubali.

Akaja mbele ya meza yangu, akapiga goti kidogo kama anayempa mkubwa maji ya kunawa, akaushika ubao kwa mikono miwili, akaupindua kwenye karai. Na alipokuwa anamwaga, uso wake aliuelekeza dirishani.

Nilitoka. Nilikwenda mpaka kwenye kichuguu nikasimama nimekipa mgongo umati. Mlidhani naaga mahali. Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kumfukuza, siku ambayo sikuwa tena na uwezo wa kumfukuza mtu. Kisha nikaona aibu. Kisha, hasira ikiwa bado ipo, ikaja furaha ikakaa juu yake, na sikujua niifanye nini. Clarisse alinifuata baadaye na chupa ya maji. Nikamuuliza nani alimfundisha kutazama dirishani, maana hilo mimi sikumfundisha mtu.

"Papa," akasema, yaani baba yake. "Kila siku ya dimanche anahadizia ile mambo. Anasema hata leo hajue kama ilikuwako."

Basi kumbe tulikuwa wawili, mimi Lubumbashi na Gustave Kasumbalesa, miaka yote hiyo tukikuna kidonda kimoja. Nami nikacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tukarudi, nikajaza upya kutoka tundu la kwanza, nikapiga ya kwanza, mbuzi akaliwa amepoa.

Ndiyo maana nasema jibu langu nimelipata nusu. Clarisse anaweza. Lakini sasa Clarisse ndiye mkubwa wa chumba, na siku moja shingo yake itageuka bila yeye kujua, kwa sababu na yeye amezaliwa mji huu. Siku hiyo mtu pekee atakayekuwa ameona ni wewe, Fidèle. Na mimi picha niliyoondoka nayo ni ya utosi wako, umeinamia viatu. Ndiyo picha inayofagia ua wangu kila Jumamosi, Jumamosi ndiyo siku ya kujaza. Napiga simu, najua ziko sandukuni, najua mkipokea mmevunja sheria yangu, na bado napiga.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo nikaweka kalamu, maana leo ni Jumamosi na mkono ulishaanza kutafuta simu. Nikapiga. Ikaita. Ikapokelewa.

Nilisimama. Nilijua mtu ameumia. Hakuna sababu nyingine ya simu ile kupokelewa saa ile. Nikauliza nani, nani, kabla hata hajasema allô.

"Ni miye Fidèle, Mama. Hakuna muntu aliumia." Alikuwa anahema. "Courant ilirudia. Clarisse anasema hakugeuza. Nikapindula."

Nikamuuliza Clarisse yuko wapi.

"Iko kule ku kichuguu," akasema. "Hanisemeshe."

Nikamwambia arudishe simu sandukuni, achukue maji, ampelekee. Akasema ndiyo, Mama. Nikabaki nimesimama na simu mkononi, nje watoto wa barabara yetu wanapiga kelele kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na kwetu pia, na binti yangu ananiuliza nini tena. Nilikwenda kwenye kile kiti chenu cha mninga, nikakikalia.